Mzazi Anapokunywa Kupita Kiasi: Ninachowaambia Watoto

Swali la kwanza wanaloniuliza watoto karibu wote ni hili: "Nifanye nini ili baba aache pombe?" Nafanya kazi ya ushauri nasaha kwa watoto na familia, na nikisikia swali hilo najua anayeuliza ameshajaribu mengi. Ameficha chupa. Amemwaga gongo chooni. Amekesha na vitabu mpaka akawa wa kwanza darasani, akidhani baba akifurahi ataacha. Jibu langu ni chungu, lakini nalitoa siku hiyohiyo: hukuisababisha pombe hiyo, huwezi kuizuia, na huwezi kumponya mzazi wako. Ulevi uliokomaa ni ugonjwa. Ubongo umeshaizoea pombe kiasi kwamba mlevi mwenyewe anaweza kuapa asubuhi kwa machozi ya kweli, na jioni akawa kilabuni.

Tena kumwaga pombe kuna hatari yake. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akikatishwa ghafla anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, hata kupata degedege na kufa. Anahitaji wauguzi na madaktari. Si kazi ya mtoto wa darasa la sita.

Kazi yako ni usalama wako, na hapo watoto hawa wana ujuzi ambao wakubwa hatuuoni. Msichana mmoja alinieleza anavyoijua hali ya baba yake kabla mlango haujafunguliwa. Akija anapiga mluzi, usiku utakuwa salama. Akija kimya huku anaburuza kandambili, yeye anawaamsha wadogo zake wahamie chumbani kwa bibi. Sare na madaftari alikuwa anayalalia, kayasokomeza ndani ya foronya, kwa sababu kuna usiku vitu vyao vilitupwa nje mvua ikinyesha. Aliniambia hayo akiona aibu. Nilimwambia hiyo ni akili kubwa, na mpango wetu tukauanzia hapohapo.

Mpango hupangwa mchana, mzazi akiwa hajalewa. Jirani gani atafungua mlango hata saa sita usiku? Umeshamwomba, au unadhani tu? Wadogo watapitia wapi? Namba ya shangazi iandike kwenye karatasi, maana simu inaweza kuvunjwa. Usibishane na aliyelewa, hata kama una haki. Hatakumbuka, na wewe ndiye utakayeumia. Wazazi wakipigana usiingie katikati, toka ukaite mtu mzima. Usipande pikipiki anayoiendesha. Ukimkuta amezimika, mlaze ubavu ili akitapika asipaliwe. Ukimwita na kumtikisa asiamke, au anapumua kwa shida, ita watu wazima wamkimbize hospitali. Usimwache alale mpaka pombe imtoke.

Kuna mzigo mwingine, nao ni siri. Mtoto anamwambia mwalimu baba ana malaria, anamwambia mwenye duka mama kasafiri. Anapokunywa mama siri huwa nzito zaidi, kwa kuwa mtaa humsema mama mlevi kwa ukali ambao baba haupati. Nawaelewa watoto wanaoficha. Wanampenda mzazi wao, na siku nyingine wanamchukia, na yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Lakini kumwambia mtu mmoja anayeaminika si kumsaliti mzazi. Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake walifuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Kati yao, 49 walikuwa na mzazi mlevi, na asilimia 59 ya hao walifika miaka 18 bila matatizo makubwa. Jambo lililojirudia kwa waliosimama ni kuwa na mtu mzima aliyewajali bila kuyumba. Kwetu anaweza kuwa bibi, mama mdogo, mwalimu wa malezi au mwalimu wa madrasa. Wa kwanza akipuuza, mwambie wa pili.

Ukikosa wa kumwambia, piga 116. Ni simu ya bure kwa ajili ya watoto, Tanzania na Kenya. Kama kuna kipigo au unashikwashikwa, Tanzania nenda kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Nanyi majirani mnaosikia kilio na kuongeza sauti ya redio: Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji. Msimsubiri mtoto aje mwenyewe.

Swali la mwisho huja kwa sauti ndogo, mtoto akiwa ameshashika kitasa cha mlango: "Na mimi nitakuwa hivyo?" Si lazima. Hatari yako ni kubwa kuliko ya wenzako, kwa kuwa sehemu ya ulevi hurithiwa, lakini kurithi hatari si kurithi ugonjwa. Utafiti mkubwa wa Marekani wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba walioanza kunywa kabla ya miaka 15 waliangukia ulevi takriban mara nne kuliko waliosubiri hadi 21. Kwa hiyo kwenye harusi ya ukoo, glasi ya kwanza unaweza kuikataa, hata kama anayekumiminia ni mjomba.