Uchakavu wa kawaida ni nini, na unahusianaje na dipoziti yako

Siku ya kurudisha funguo, mama mwenye nyumba anapita chumba kwa chumba, khanga kaifunga kiunoni. Anagusa ukuta, anafungua koki, anatikisa kitasa. Wewe unamfuata nyuma kama mtoto aliyevunja kikombe. Mwishoni anageuka: "Mwanangu, hapa dipoziti yako haitoshi hata rangi." Jibu la haki kwa kauli hiyo limo ndani ya dhana ambayo mikataba mingi huitaja kwa mstari mmoja tu, kama inaitaja: uchakavu wa kawaida.

Uchakavu wa kawaida ni kuzeeka kwa nyumba kunakotokana na kukaliwa tu. Mtu anaweza kuishi humo kistaarabu kabisa, akapika, akaoga, akafungua mlango asubuhi na kuufunga usiku, na bado rangi itafifia, kitasa kitalegea, mpira wa koki utakwisha. Hakuna aliyekosea hapo. Kodi anayopokea mwenye nyumba kila mwezi ndiyo malipo ya uzee huo. Uharibifu ni kitu kingine: kuna mtu alifanya jambo, au aliacha kufanya alilopaswa.

Dipoziti ipo kwa ajili ya huo uharibifu, pamoja na madeni ya bili. Ni pesa ya mpangaji iliyoshikwa na mwenye nyumba, mara nyingi sawa na kodi ya mwezi mmoja. Usiichanganye na kodi ya miezi sita unayolipa mbele, wala na ule mwezi wa dalali, ambao ukitoka umetoka. Hapa Dar es Salaam, kwenye vyumba vya kupanga vya Manzese au Mbagala mara nyingi hutaisikia kabisa. Ni zaidi habari ya nyumba zinazojitegemea na apatimenti za Sinza, Mikocheni au Mbezi Beach.

Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa 2005, na tangu hapo mengi yamebaki kwenye makubaliano ya pande mbili. Hata hivyo Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka mpangaji arudishe jengo katika hali aliyolikuta, na inaondoa humo kile kilichochakaa kwa matumizi ya kawaida. Kwa hiyo dhana hii haikubuniwa na wapangaji wabishi.

Ugumu unaanza kwenye ukuta wenyewe, na Dar ina ugumu wake. Nyumba nyingi zinatumia maji ya kisima yenye chumvi, nayo yanakula koki na bomba la bafuni bila kujali nani anaoga. Karibu na bahari grili za madirisha zinashika kutu hata zikipigwa rangi. Kuta zinatoa chumvi kuanzia chini, rangi inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Yote hayo ni mji na ujenzi, na mpangaji hayumo. Lakini ukipikia jiko la mkaa sebuleni hadi dari likawa jeusi, masizi hayo ni yako. Matundu mawili ya misumari ya kutundikia picha ni maisha. Plasta iliyong'oka pamoja na stendi ya televisheni ni uharibifu. Doa la masika kwenye dari ni la paa, yaani la mwenye nyumba, ila ukiliona Machi ukanyamaza hadi dari lianguke Mei, utapata shida kusema huhusiki.

Kisha kuna umri wa kitu, na hapa ndipo watu wengi wanapunjwa. Tuseme ulikuta rangi mpya, na rangi ya aina hiyo kwa kawaida hudumu miaka mitatu. Umekaa miwili, mtoto akachora sebule nzima kwa kalamu ya wino. Kupaka upya ni shilingi 180,000. Umeharibu, ndiyo, lakini umeharibu rangi iliyobakiza mwaka mmoja. Sehemu yako ni theluthi: 60,000. Wenye nyumba hawaipendi hesabu hii, na ninawaelewa kidogo, kwa sababu fundi hapaki theluthi ya ukuta. Ila kumtoza mpangaji zote 180,000 ni kumfanya alipie hata ile miaka miwili ambayo tayari aliilipia kwenye kodi. Sinki la choo hesabu yake inageuka: lingedumu miaka na miaka, kwa hiyo ukilivunja jiandae kulipa karibu lote.

Mimi niliwahi kukatwa dipoziti kwa sababu ya ufa wa sinki nilioukuta. Nilijua niliukuta, na nadhani mwenye nyumba naye alijua. Sikuwa na picha. Siku hizi, kabla godoro halijaingia ndani, napiga picha kila kona, hadi nyavu za madirisha, na namtumia mwenye nyumba kwa WhatsApp ili tarehe ibaki kwake pia.

Deni la maji linakatwa kihalali, halina mjadala. Ila mkianza kupiga hesabu za bili, kumbuka upande wa pili: tangu 2021 kodi ya jengo, ile ya serikali, inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na hiyo ni kodi ya mwenye nyumba hata kama umeme unanunua wewe. Wapangaji wengi wanaimeza kimya kimya.

Ule mtindo wa kusema "mwezi wa mwisho ukate kwenye dipoziti" unavutia, lakini bila makubaliano unakuacha ukidaiwa kodi, na mwenye nyumba anabaki hana dhamana yoyote ya sinki. Ni bora ukaguzi ufanyike wewe ukiwepo, nyumba ikiwa tupu, na kila kinachokatwa kiandikwe na bei yake. "Fundi kasema laki tatu" si risiti. Mkishindwana, watu wengi huanzia kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, na pale swali la kwanza litakuwa mkataba uko wapi, la pili picha ziko wapi.