Kulea Si Kuasili: Tunayoambizana Tanga na Sheria Inavyosema

Mwezi uliopita jirani yangu hapa Ngamiani alinifungulia mfuko wa rambo. Ndani mlikuwa na kadi ya kliniki iliyochakaa na karatasi ya mtendaji wa mtaa, yenye muhuri wa bluu, ikisema mtoto wa kike "amekabidhiwa moja kwa moja". Binti huyo amemlea tangu ana miezi minne. Sasa yuko darasa la nne. Mume amefariki, hakuacha wasia, na mashemeji wanasema mtoto si wa nyumba ile. Mama wa watu aliuamini ule muhuri miaka yote.

"Mtendaji kashagonga muhuri, mtoto ni wangu."

Hapana. Kwa Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, kuasili, yaani kumfanya mtoto wa mwingine awe wako kisheria, Tanzania Bara ni kwa amri ya Mahakama Kuu. Sisi wa Tanga hatuna haja ya kwenda Dar es Salaam, maana Mahakama Kuu ina kanda yake hapa hapa. Karatasi ya mtaa, hata hati ya kiapo ya wakili, inaonyesha tu kwamba watu walikubaliana. Haiondoi haki za mzazi wa damu wala haikupi wewe haki hizo.

Safari huanzia kwa afisa ustawi wa jamii. Unamjulisha nia yako mapema kabla ya amri kutolewa, na mtoto awe mikononi mwako mfululizo kwa muda ambao sheria inautaka. Afisa anakuja nyumbani, anaona mtoto analala wapi, anaongea na majirani. Wengi huona ni kuchunguzwa kama wezi. Mimi naona ni haki ya mtoto: yeye hawezi kuja kukukagua mwenyewe.

"Nitamwandikisha tu kama nimemzaa."

Tafadhali usifanye hivyo. Kutoa taarifa za uongo kwenye usajili wa vizazi ni kosa la jinai, na uongo ule humwangukia mtoto siku ukifumuka.

"Dini imekataza, kwa hiyo yatima asichukuliwe."

Hili linaniuma, maana limewanyima watoto wengi nyumba. Kilichokatazwa katika Uislamu ni kumbadilishia mtoto nasaba. Suratul Ahzab, aya ya 5, inaamrisha waitwe kwa baba zao, na Zaid aliyelelewa na Mtume akarudi kuitwa bin Haritha. Kulea kwenyewe ni ibada yenye thawabu kubwa. Familia isiyotaka kuasili ina njia ya malezi ya kambo, yaani kumlea mtoto nyumbani kwako bila kumwasili, kupitia ustawi wa jamii, mtoto akabaki na jina la babake. Na kwa kuwa mtoto wa kulea harithi kwa mirathi ya Kiislamu, andika wasia mapema. Unaruhusiwa hadi theluthi moja ya mali. Marehemu wa jirani yangu angeandika ukurasa mmoja tu, leo tungekuwa na la kuwaambia mashemeji.

Anayeasili kwa amri ya mahakama hali yake ni nyingine: sheria inamhesabu mtoto kama wa kuzaliwa, na mlezi akifa bila wasia, mtoto anarithi.

"Lazima uwe na ndoa na mali."

Mwanamke asiye na mume anaweza kuomba. Kwa kawaida mwombaji awe na miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21. Mwanamume peke yake ndiye anayebanwa zaidi.

"Nilimpa mama yake laki mbili, tumemalizana."

Hiyo ni biashara ya mtoto, na sheria inaikataza. Ridhaa ya mzazi haiuzwi. Mahakama inaweza kuendelea bila ridhaa hiyo endapo mzazi alimtelekeza mtoto au haonekani kabisa.

Jumatatu nilimsindikiza jirani yangu ustawi wa jamii. Afisa aliisoma ile karatasi ya mtendaji, akaiweka pembeni taratibu, akachukua kalamu: "Mama mzazi anapatikana wapi?"