Sauti bainifu: jeni inaposikika kabla ya kuonekana

Mtoto mchanga akilia kwa sauti nyembamba kupita kawaida, au sauti yake ikiwa imekauka tangu siku ya kwanza, nyumbani maelezo hayakosekani. Bibi atasema ni mafua. Jirani atasema kalia mno usiku. Mara nyingi wanasema kweli, na baada ya siku chache sauti inarudi. Lakini wapo watoto ambao sauti yao hairudi, kwa kuwa ndiyo waliyozaliwa nayo. Hiyo ndiyo ninayoiita hapa sauti bainifu: sauti yenye sifa zinazofanana kwa watu wenye tatizo moja la kijenetiki, kiasi kwamba daktari mzoefu akiisikia anajua pa kuanzia hata kabla damu haijapimwa.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Pumzi inatoka mapafuni, inapita kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho kooni, na kutikisa nyuzi za sauti, kisha koo, kaakaa, ulimi na midomo vinaifinyanga iwe maneno. Ubongo ndio unaoviongoza vyote. Maelekezo ya kujenga kila kimoja yamo kwenye jeni. Maelekezo yakipotea au yakiharibika, kiungo kinajengwa vingine, na sauti inatoka na alama ya kiungo hicho.

Mfano unaojulikana zaidi ni ule unaoitwa kilio cha paka. Mwaka 1963, huko Paris, daktari Jérôme Lejeune na wenzake walieleza habari za watoto wachanga waliolia kama kitoto cha paka, kwa sauti ya juu, nyembamba, isiyopanda wala kushuka. Wote walikosa kipande cha mkono mfupi wa kromosomu ya 5, kromosomu zikiwa ni nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Kilio cha kichanga wa kawaida hutetemeka takriban mara 400 hadi 500 kwa sekunde. Cha watoto hawa mara nyingi huvuka 600. Zoloto lao huwa dogo au laini mno, na uongozi wa ubongo nao una mchango. Tatizo hili humpata mtoto mmoja katika kila 15,000 hadi 50,000 wanaozaliwa, na mara nyingi wazazi wote wawili wana kromosomu kamili. Hakuna alichokula mama wala alichokifanya baba.

Kuna jambo moja kuhusu kilio hiki ambalo natamani kila mzazi aliyewahi kuambiwa “mtoto huyu hana akili” alisikie. Kipande cha kromosomu kinachohusiana na kilio si kile kile kinachohusiana na ulemavu mkubwa wa akili. Viko karibu, lakini ni viwili. Wamepatikana watoto waliokosa kile cha kilio tu, wakalia kama paka, kisha wakakua wakiwa na uwezo wa kujifunza usiotofautiana sana na wa wenzao. Sauti inaonyesha zoloto lilivyojengwa. Haipimi akili ya mtu.

Tatizo la pili ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni la king'ong'o, kwa sababu hapa kwetu ndipo makosa hufanyika. Baadhi ya watu hukosa kipande kidogo cha kromosomu ya 22. Wengi wao huzaliwa na kasoro ya moyo, na wengi pia kaakaa lao laini, ile nyama ya nyuma inayofunga njia ya puani tunapoongea, ni fupi au dhaifu. Mwaka 1978 mtaalamu wa usemi wa Marekani, Robert Shprintzen, alieleza pamoja na wenzake kundi la watoto wa namna hii, ambao usemi wa puani ulikuwa mojawapo ya mambo yaliyowaunganisha.

Ukitaka kuona kinachotokea, chukua kioo kidogo, kishike chini ya pua ya mtoto, kisha mwambie aseme “papa, papa” au “baba, baba”. Herufi p, b, t na k zinadai hewa ibanwe mdomoni, kwa hiyo kioo kinatakiwa kibaki kikavu. Kaakaa lisipofunga, kioo kinafanya ukungu. Sikio nalo linasikia: hewa ya “baba” ikivujia puani, neno linakaribia “mama”. Lakini mtoto huyo huyo akisema “ng'ombe”, ng' inatoka safi kabisa, kwa sababu ni sauti ya puani tangu asili. Wazazi wengi hudhani ni uzembe wa kuongea, wakamkaripia.

Makosa yenyewe ni mawili. La kwanza ni kuondoa nyama za puani bila kuchunguza kaakaa. Kwa mtoto wa kawaida upasuaji huo husaidia. Kwa mwenye kaakaa dhaifu, wakati mwingine nyama hizo ndizo zinazoziba pengo. Zikitolewa, king'ong'o kinazidi. La pili ni kukata kimeo. Katika jamii zetu nyingi mtoto mwenye kikohozi kisichokoma, anayetapika au asiyekua vizuri hupelekwa kwa mkataji. Mbali na hatari ya kuvuja damu na kupata maambukizi, kuna hasara isiyotajwa: kimeo kilichogawanyika ncha mbili huweza kuwa dalili ya kaakaa ambalo kwa juu linaonekana zima ilhali misuli ya ndani imepasuka. Kikikatwa, dalili imetupwa pamoja nacho.

Ipo pia sauti iliyokauka ya maisha yote. Mwaka 1929, Urbach na Wiethe, madaktari wa Vienna, walieleza ugonjwa ambao vitu vigumu kama nta hujikusanya ndani ya ngozi na kwenye nyuzi za sauti. Kilio huwa dhaifu na chenye mikwaruzo tangu utotoni, miaka kabla ya vipele vidogo kama shanga kujipanga ukingoni mwa kope. Jeni yake, ECM1, ilijulikana mwaka 2002. Ni ugonjwa adimu sana, ingawa Afrika Kusini, hasa Rasi ya Kaskazini, una wagonjwa wengi kuliko kwingi duniani. Ili mtoto augue, lazima arithi nakala mbovu kwa wazazi wote wawili, na ndiyo maana huonekana zaidi pale ndugu wa karibu wanapooana.

Ukiwa na mtoto mwenye sauti ya ajabu, mrekodi kwa simu akilia na akiongea, kisha upeleke hiyo sauti kwa daktari wa masikio, pua na koo, maana mbele ya daktari mtoto mara nyingi hunyamaza. Eleza imeanza lini, na kama maziwa hutokea puani anaponyonya. Kama ni kaakaa, linaweza kurekebishwa kwa upasuaji, na baada yake huja miezi ya mazoezi ya usemi, neno kwa neno, kioo kikiwa mezani, mpaka siku mtoto atakaposema “baba” na kioo kikabaki kikavu.