Uvumi wa bei ya dagaa na hesabu za ubongo

Asubuhi moja pale mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, watu watatu waliniambia bei ya dagaa inapanda. Nikanunua gunia mbio mbio. Kumbe wote watatu wamelitoa neno sehemu moja: kwangu! Juzi yake, kwenye meli ya Nansio, nilisema kwa utani kwamba mbalamwezi imeanza, dagaa wataadimika.

Kosa langu ndilo linalowasumbua wanahesabu wanaotumia njia ya kupashana ujumbe kuelewa mitandao tata kama ubongo.

Dhana: Ujumbe huo ni umeme wa neva.
La, ni namba za uwezekano. Kila nodi, yaani kituo kimoja cha mtandao, humwambia jirani inavyokisia kwa upande wake. Hakuna msimamizi anayeuona mtandao mzima. Hesabu hurudiwa mpaka namba zitulie. Hesabu za aina hiyo, alizozianzisha mhandisi Robert Gallager miaka ya 1960, husahihisha makosa ya mawimbi kwenye simu za 5G.

Dhana: Habari ikitoka pande nyingi, ina uhakika zaidi.
Hapa ndipo nilipoliwa. Kanuni inasema: unapomwandalia jirani ujumbe, weka kando alichokuambia yeye. Mtandao ukiwa na matawi kama mti, usio na njia ya kurudi, hiyo inatosha na jibu hutoka kamili. Lakini mimi nimemwambia mwenye boti wa Ukerewe, yeye kamwambia dalali, dalali kaniambia mimi. Neno langu limerudi kwa mlango wa uani, nami nalipokea kama mgeni. Hesabu nayo hudanganyika hivyo hivyo, ikajiamini kupita kiasi, na ubongo umejaa mizunguko mifupi ya aina hiyo.

Mwaka 2019 watafiti George Cantwell na Mark Newman walionyesha dawa: mizunguko mifupi inayoizunguka nodi ihesabiwe kwa pamoja, kama kaya moja, ndipo ujumbe utoke. Mirefu haina shida sana, mwangwi wake hufifia njiani. Ila kaya ikiwa na watu wengi, kazi ya kompyuta hupanda vibaya.

Dhana: Basi ramani ya miunganisho ya ubongo wetu iko tayari.
Wapi! Tuna nyuroni, yaani seli za neva, kama bilioni 86. Iliyokamilika ni ya mnyoo mdogo mwenye nyuroni 302, mwaka 1986, na mwaka 2024 ikaja ya inzi mpevu wa matunda, nyuroni kama 139,000. Ni yule anayezengea ndizi zilizoiva jikoni.