Uwanja wa Gofu wa Hithi: Maana Yake kwa Anayekwenda Kuutembelea

Hithi ni ardhi wazi ya mchanga, yenye tindikali nyingi na rutuba haba, inayofunikwa na vichaka vifupi, vingi vyake visivyozidi magoti ya mtu. Neno nyika linaikaribia maana hiyo bila kuifikia, kwa kuwa nyika ya kwetu ni zao la ukame, ilhali hithi ya Uingereza hunyeshewa karibu mwaka mzima na bado hukauka upesi, kwa sababu maji huzama mchangani na kwenda zake. Uwanja wa gofu wa hithi ni ule uliotengenezwa ndani ya ardhi ya namna hii, na vilivyo mashuhuri zaidi viko katika majimbo ya Surrey na Berkshire, kusini-magharibi mwa London.

Sifa ya mchanga ndiyo iliyovileta viwanja hivyo. Gofu ilikulia kwenye matuta ya pwani ya Uskoti, na waliojaribu kuicheza bara, juu ya udongo wa mfinyanzi, walikuta tope wakati wa baridi na ardhi ngumu iliyopasuka wakati wa joto. Hithi, ambayo wakulima walikuwa wameipuuza kwa kuwa haikuzaa mazao ya maana, ilikuwa na mchanga ule ule unaonyonya maji, tena ilikuwa karibu na reli ya kutoka London. Klabu ya Woking ilianzishwa mwaka 1893. Uwanja wa kwanza wa Sunningdale, kazi ya Willie Park Mdogo aliyekuwa ametwaa ubingwa wa wazi wa Uingereza mwaka 1887 na 1889, ulifunguliwa mwaka 1901. Na ule wa Walton Heath, uliobuniwa na Herbert Fowler, ulifuata mwaka 1904.

Mmea unaotawala hapo ni wa jamii ya erika. Msomaji aliyepanda Kilimanjaro amekwisha kuwaona jamaa zake, maana juu ya msitu wa mlima huo erika hurefuka hadi kuwa miti, lakini wa Surrey hubaki mfupi na mashina yake ni magumu kama waya. Mpira ukitumbukia humo mara nyingi huonekana, na hapo ndipo mchezaji hudanganyika: anapiga kwa nguvu, mashina yanakamata kichwa cha fimbo, na mpira unasogea hatua chache tu. Mwenye busara huchukua fimbo fupi na kuurudisha kwenye nyasi zilizokatwa, hata kama ni kwa kuupiga upande.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui, na ambalo mimi naliona kuwa kiini cha dhana yenyewe, ni kwamba hithi haikujitengeneza. Watu walifyeka misitu maelfu ya miaka iliyopita, kisha mifugo yao pamoja na ukataji wa kuni ukaizuia miti isirudi. Malisho yalipokoma, misonobari ikaanza kuotea na kuyanyima mwanga maua ya erika. Kwa hiyo mgeni akikuta klabu inakata miti asidhani inaharibu mazingira, kwani sehemu kubwa ya hithi za tambarare za Uingereza imetoweka tangu karne ya 19, na mijusi wa mchangani, walio nadra nchini humo, hawana makao mengine mengi.

Klabu hizi ni za wanachama, hivyo mgeni huomba nafasi mapema na kupangiwa siku. Mwezi wa Agosti ndio bora, wakati erika zinapochanua rangi ya zambarau. Pale Walton Heath wapita njia na wapanda farasi wana haki ya kupita, nao husubiriwa wavuke kwanza. Kisha, mahali ambapo ukingo wa mtego wa mchanga, yaani shimo la mchanga lililowekwa kumtatiza mchezaji, umekatwa wima, mgeni atazame vizuri: juu kuna tabaka jembamba jeusi la mizizi, na chini yake mchanga mweupe usio na kitu.