Tezi za mjusi haziko unakodhani

Ukimpasua mjusi huku kichwani una mchoro wa mwili wa binadamu, utapotea mapema. Makosa mengi kuhusu tezi zake za homoni yanaanzia hapo.

Dhana: Tezi za adrenali hukaa juu ya figo kama kofia.

Kwa binadamu, sawa. Figo za mjusi ziko nyuma sana, mara nyingi ndani ya nyonga, ilhali adrenali zimejibanza mbele yake, jirani na korodani au ovari. Ni vijitezi vyembamba vyenye rangi kati ya manjano na wekundu. Kwa iguana, adrenali ya kushoto iko katikati ya korodani na mishipa inayoilisha damu, kwa hiyo daktari anayemhasi bila uangalifu anaweza kukata na kisichotakiwa.

Hata ukiipasua tezi yenyewe, hukuti ganda lililozunguka kiini kama kwa binadamu. Tishu mbili zimeingiliana, na sehemu kubwa ya ile inayotoa adrenalini hujipanga kama utepe upande wa mgongoni. Homoni kuu ya msongo ya mijusi nayo ni kotikosteroni. Anayempima mjusi kotisoli, ile ya binadamu, anatafuta homoni isiyo yake.

Dhana: Vivimbe vyeupe shingoni mwa mjusi kafiri ni rovu, yaani uvimbe wa tezi ya thairoidi.

Dhana hii naielewa, maana vinafanana kweli. Lakini ni vifuko vya chokaa vilivyoungana na sikio la ndani. Ni akiba ya kalisi, na jike huihitaji anapotengeneza maganda ya mayai. Thairoidi iko chini ya bomba la hewa, karibu na moyo. Umbo lake halina kanuni moja: mijusi wengine wana tezi moja, wengine yenye ndimi mbili, wengine jozi iliyotengana kabisa. Homoni zake huharakisha kujivua ngozi. Ajabu ni kwamba kwa nyoka, ndugu zao wa karibu, homoni hizohizo huchelewesha.

Dhana: Vitundu vya mapajani hutoa homoni.

Hutoa nta yenye harufu, ya kuacha alama. Homoni humwagwa ndani ya damu, haina kitundu cha kutokea nje. Vitundu hivyo hupokea amri tu: testosteroni ikipanda, vya dume hutanuka na kutoa nta zaidi.

Dhana: "Jicho la tatu" la juu ya kichwa ni gamba tu.

Lina lenzi na retina, ingawa halioni picha. Kazi yake ni kupima mwanga. Linashirikiana na tezi ya pineali ya kwenye ubongo, inayotengeneza homoni ya melatonini usiku. Si kila mjusi analo. Mjusi kafiri ana pineali lakini jicho hilo hana, kwa hiyo usijichoshe kummulika kichwani ukilitafuta.