Sensa ya Oksijeni Haijafa

Wiki hii ameingia gereji mteja wa tatu akiwa na sensa mpya ya oksijeni mkononi, kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachopima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, bado iko kwenye boksi. "Fundi, nifungie hii, mashine imesema sensa imekufa." Mashine ya kupimia gari haikusema hivyo. Ilisoma namba ya kosa P0171, yaani hewa imezidi mafuta, na sensa ndiyo iliyopeleka taarifa hiyo. Ukimfukuza mlinzi aliyepiga filimbi, mwizi bado yumo ndani!

Sensa ya kawaida ikishapata joto la nyuzi 300 hivi hutoa umeme kidogo: karibu volti 0.1 hewa ikizidi, karibu 0.9 mafuta yakizidi. Ya mbele, iliyo karibu na injini, ikiwa nzima hupanda na kushuka bila kutulia. Ikiganda chini, kwanza tafuta hewa inakopenya.

Mwezi uliopita mama mmoja, mwalimu, alileta RAV4 kutoka Usa River. Kwingine walishambadilishia sensa mbili, na mara zote taa ya injini kwenye dashibodi ilirudi. Nikatazama kompyuta ya gari inaongeza mafuta kiasi gani: asilimia 24 gari likiwa silensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa, na nilipokanyaga hadi mizunguko 2,500 ikashuka hadi 6. Ukiona hivyo, kuna hewa inaingia bila kupimwa. Nikapitisha kidole chini ya mpira mkubwa wa hewa, kwenye mikunjo, kucha ikazama. Ufa wa urefu wa njiti ya kiberiti, ukiangalia kwa juu huuoni. "Mwalimu, hebu gusa hapa." Akagusa, akanyamaza, kisha akaniuliza zile sensa mbili angerudishiwa na nani. Sikuwa na jibu, na iliniuma.

Kama asilimia inapanda kadiri unavyokanyaga, achana na mipira, nenda kwenye mafuta: pampu iliyochoka, chujio lililoziba, au sensa inayopima hewa inayoingia kwenye injini, iliyojaa vumbi la barabara zetu.

Sensa kufa zinakufa, sikatai. P0135 inahusu hita yake, inayoipasha joto, lakini hata hapo anza na fyuzi na waya kabla hujatoa pesa. Na Toyota nyingi za miaka ya 2000 zina sensa ya mbele ya aina nyingine, inayopima uwiano wa hewa na mafuta. Hiyo haichezi kati ya 0.1 na 0.9, na ukiipachikia ya kawaida mahali pake injini haitatulia. Linganisha namba ya spea, usilinganishe soketi.

Kuna maneno nayasikia kila siku kwa wateja. "Nikichomoa sensa gari litakula mafuta kidogo." Hapana. Kompyuta ikikosa taarifa hutumia makadirio yake, na mara nyingi humwaga zaidi. Fungua plagi baada ya wiki chache uone masizi.

"Toa masega, gari lipande Marangu bila shida." Masega, yaani kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, yakiwa mazima hayakunyimi nguvu ya kuhisi. Yaliyoziba ndiyo yanakaba, na hayajizibi yenyewe: injini inamisi au inakula oili. Ukiyang'oa, ugonjwa umebaki, taa inawaka kwa kosa la P0420, yaani masega hayasafishi, na moshi wako wanauvuta watoto wa jirani.

"Arusha iko juu, ndiyo maana taa inawaka." Mji uko mita 1,400 hivi, na kabureta huo mwinuko inausikia kweli. Injini ya sindano za umeme hupima hewa yake na kujirekebisha. Mji wa Moshi uko chini zaidi, na taa huko zinawaka vilevile.

"Chomoa betri, taa inazima." Inazima, na kompyuta inasahau yote iliyojifunza. Mpira uliopasuka haujui kwamba umechomoa betri.

Ninachomwomba kila mteja ni aje asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Ekzosi ikivuja karibu na injini, mbele ya sensa, hewa ya nje huvutwa ndani na sensa hudhani hewa imezidi mafuta. Gari likiwashwa baridi utasikia ti-ti-ti-ti, na kwenye gasketi utaona mstari mweusi wa masizi. Chuma kikishapata moto kinatanuka, ufa unaziba, na saa sita mchana hatusikii kitu.